Anayeyumba Si Lazima Awe Amelewa

Mtu akionekana asubuhi katika mtaa wa Likasi akitembea kwa kuyumba, hukumu hutoka upesi: amekunywa lutuku, pombe yetu kali. Lakini wapo wanaoyumba bila kuonja hata tone, kwa sababu neva zao zimeharibika.

Mojawapo ya magonjwa ya namna hiyo ni multipo sklerosisi, ugonjwa ambao madaktari wetu wanaujua kwa Kifaransa kama sclérose en plaques. Katika mji wa shaba kama Likasi si vigumu kuueleza. Neva ni kama waya wa shaba uliovikwa plastiki. Vazi lake huitwa mayelini. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hulichuna vazi hilo ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe huchelewa au hupotea njiani. Karibu na ikweta ugonjwa huu ni nadra kuliko Ulaya. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40.

Ili tusimame wima, ubongo hutegemea habari za macho, za sikio la ndani, na za nyayo na viungo. Katika karne ya 19, daktari Moritz Romberg wa Berlin alieleza kipimo kinachotumika hadi leo: mgonjwa husimama miguu ikiwa pamoja, kisha hufumba macho. Habari za miguu zikiwa pungufu, mwili hupepesuka. Ila jicho la daktari huona myumbo mkubwa, mdogo humpita.

Kihisi huuona. Ni kifaa kidogo kinachofungwa kwa mkanda kiunoni, upande wa mgongo, karibu na kitovu cha uzito wa mwili. Hurekodi mara nyingi kwa kila sekunde jinsi mwili unavyosogea na kugeuka. Mgonjwa husimama kwa sekunde 30 hivi. Kisha huinuka kitini, hutembea, hugeuka na kurudi kukaa. Kompyuta hukokotoa upana wa myumbo, kasi yake na mishtuko yake.

Mwaka 2012, Rebecca Spain, Fay Horak na wenzao wa Oregon, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa multipo sklerosisi ambao kwa saa ya kupimia mwendo walitembea kwa kasi ya kawaida. Vihisi vilionyesha kwamba hata hao walikuwa na kasoro katika kusimama na kutembea. Hasara ilikuwa imeanza kabla kasi haijapungua.

Kihisi hakitaji jina la ugonjwa. Kazi hiyo ni ya daktari, kwa historia ya mgonjwa, uchunguzi na picha za ubongo. Lakini humwambia mtaalamu wa viungo kama mazoezi yanasaidia na kama hatari ya kuanguka inaongezeka, hata kwa aliyepatwa na kiharusi au ambaye kisukari kimemharibia neva za miguu.

Vihisi vya aina hiyo vimo tayari ndani ya simu za kisasa, na katika betri nyingi za simu hizo imo kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima huchimbwa Kongo. Madini yaliyotoka chini ya miguu yetu yanastahili kuwasaidia watu wetu kusimama.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona jirani anayumba, usimhukumu. Muulize tangu lini, anaanguka mara ngapi, anahisi ganzi au anaona ukungu? Kisha msindikize hospitali.