Chai ya Gairo na Viungo vya Uluguru

Msafiri atokaye Visiwani kwenda Dodoma kwa shughuli za Serikali, akiisha kuupita mji wa Morogoro na kuipanda miinuko, hufika Gairo. Hapo upepo ni wa baridi, hasa miezi ya Juni na Julai, na mtu wa pwani hana budi kutafuta kitu cha moto. Akiagiza chai ya rangi huletewa moja ya mambo mawili: ama maji mekundu yaliyozidiwa na sukari, ama kikombe kinukiacho iliki na mdalasini, kinachomkumbusha halua na kaimati za kwao hata kabla hajakionja. Chai hii ya pili ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Utamu wake hautoki katika sukari peke yake. Ulimi uliofundishwa tangu utotoni kwamba harufu ya iliki huja pamoja na vitu vitamu huiona sukari hata pale ilipo haba. Mdalasini nao una utamu wake wa asili, unaobaki kinywani baada ya funda kushuka. Tangawizi huchelewa, huanza kazi kooni, kisha kifuani. (Sisi tuliokaa jamvini chuoni twajua kwamba imetajwa katika Sura ya Al-Insan kuwa mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi.) Karafuu ndiyo itakayo hadhari. Chembe mbili zatosha birika dogo. Zikizidi, ulimi huingia ganzi na chai ikanuka kama chumba cha mganga wa meno.

Kosa kubwa liko katika upishi. Majani yakitiwa alfajiri na kuachwa yakichemka mpaka saa nne, hutoa ukakasi, na ukakasi huo ndio unaomlazimisha mnywaji kujaza vijiko vinne vya sukari. Viungo ndivyo vinavyostahili kuchemshwa kitambo; majani hutiwa mwisho, yakapewa dakika chache, kisha chai ikachujwa. Chai iliyopikwa hivyo yaridhika na kijiko kimoja, jambo ambalo katika zama hizi za maradhi ya kisukari si dogo.

Mkoa wa Morogoro hauna sababu ya kukosa chai ya namna hiyo. Milima ya Uluguru, pande za Matombo, Mkuyuni na Kinole, hutoa mdalasini, iliki, pilipili manga, na karafuu pia. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasione wivu kusikia habari ya karafuu za bara: mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na kwao uliingia mwanzoni mwa karne ya 19. Sukari ya mkoa hutoka Kilombero na Mtibwa. Majani ya chai huletwa kutoka Mufindi, Rungwe na Usambara.

Lakini mama auzaye chai kando ya barabara hununua mahitaji yake kwa siku moja moja. Iliki nzima ni ghali kwake, kwa hiyo huchukua unga uliosagwa zamani, ambao harufu yake imekwisha kuruka, na upungufu huo huuziba kwa sukari. Huku nyuma, mkulima wa Uluguru aliyebanwa na shida humuuzia mlanguzi mavuno yake kabla hayajakomaa. Wote wawili wamo katika mkoa mmoja, wala hawajuani.

Tangu 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma hupitia Kilosa, haigusi Gairo. Abiria waliokuwa wakishuka kwenye mabasi kunyoosha miguu wanao sasa uchaguzi mwingine, na kibanda cha chai chahitaji sababu ya kumfanya mtu asimame. Wilaya hii, iliyozaliwa 2012 kwa kugawanywa Kilosa, yaweza kuanza na jambo lililo karibu: wauza chai wajiunge, wanunue viungo kwa gunia moja kwa moja kutoka vyama vya wakulima vya Uluguru, wagawane. Na watendaji wanaoandaliwa chai ya vifuko katika mikutano yao waagize hii badala yake, wailipie kwa wakati. Iliki ikae nzima kwenye kopo juu ya meza, na mteja aione ikipondwa.