Uzi wa Saba wa Nanga: Habari za Wanafunzi Wanaochunguza Mafundisho ya Muziki

Mwezi wa Novemba 1861 Bwana Speke na mwenziwe, Bwana James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Grant aliugua mguu, hata Speke alipotangulia kwenda Buganda yeye alibaki Karagwe mpaka Aprili 1862. Mgonjwa asiyeweza kutembea husikia mengi. Katika kitabu alichokitoa 1864 aliandika habari za vyombo vya muziki vya nchi ile, akaisifu nanga kuliko vyote. Asimulia ya kwamba bibi kizee mmoja aliipiga nanga ya nyuzi saba, na nyuzi sita zilipatana kabisa na ngazi ya sauti aliyoizoea Grant kwao. Wa saba peke yake aliuona una kosa.

Nimefundisha shule na kwaya hapa Mabira miaka mingi, tangu nchi hii ilipokuwa ndani ya Wilaya ya Karagwe hata ilipoingia katika Wilaya ya Kyerwa iliyoundwa 2012, na kila nikumbukapo habari hiyo najiuliza: je, kosa lilikuwa katika uzi au katika sikio? Maana yule bibi alizikaza nyuzi zake mwenyewe. Mtu awezaye kukaza sita barabara, atashindwaje na mmoja?

Naliandika hili kwanza kwa sababu mimi nami nimefanya kama Grant, tena bila udhuru wake wa ugeni. Nalifundishwa kuimba kwa do, re, mi, yaani ile njia ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19, nayo wamisionari wakaileta kwetu kwa kuwa yaandikwa kwa herufi tu, haihitaji mistari mitano wala kinanda. Ni njia njema, wala simtukani mtu aliyenipa. Lakini watoto wetu walipofika kwenye ti, wengi waliishusha kidogo. Kwa miaka mingi naliwaambia, “Mnakosa.” Wengine niliwatoa katika kwaya. Sikupata kufikiri ya kwamba mtoto aliyelelewa karibu na nanga na nyimbo za mama yake amekwisha kufundishwa ngazi nyingine ya sauti kabla hajaniona mimi.

Jambo hili lilianza kupimwa kwa vyombo zamani kidogo. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda huko Kampala, alipima sauti za vyombo vya Buganda, akaonyesha kwamba huko oktava hugawanywa katika hatua tano zilizo karibu kulingana. Ukifanya hesabu, ikiwa oktava nzima ni vipande 1,200, kila hatua ni kama vipande 240. Hatua kubwa ya Kizungu, kama ile ya do na re, ni 200. Ile ya re na fa ni 300. Basi hatua ya Buganda yakaa katikati, na kinanda cha kanisani hakina kidude cha kuitoa. Vipimo hivyo ni vya Buganda, wala nanga ya Karagwe haifungwi navyo. Lakini vyatosha kumzuia mwalimu asiseme upesi kwamba mtoto amekosa.

Tena liko neno la toni. Wasomaji walio wenyeji wa pwani huenda wasilione haraka, kwa kuwa Kiswahili hakina toni. Kina mkazo tu. Hata hivyo mtu akisema “barabara” kwa mkazo mahali pake pa kawaida, twafikiri njia ya gari, akiupeleka nyuma silabi moja, twasikia “sawasawa kabisa.” Katika Kinyambo na Kihaya kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya lugha yenyewe, atakaye kujifunza Kinyambo kwa utaratibu na asome sarufi ya Josephat Rugemalira, iliyotolewa Dar es Salaam 2005. Sasa chukua wimbo wa Kijerumani wenye beti sita, utie maneno ya Kinyambo, uimbe. Maneno yataka kupanda, wimbo washuka. Wazee husikia kama mtu anayesema akiwa amelala usingizi. Padre A. M. Jones, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alilieleza tatizo hili waziwazi, na wengi baada yake.

Lakini elimu hii yote imefika wapi? Hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Walioichunguza zaidi katika siku zetu ni vijana na watu wazima wasomao shahada ya pili na ya udaktari, na kazi zao nyingi hukaa katika rafu za vyuo vikuu, zimeandikwa Kiingereza, zimesomwa na walimu watatu waliozisahihisha. Nitoe mifano. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania wa kusini, aliandika juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kitabu chake kilichapwa Uswisi 1963, mwaka ule ule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba, uliagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Mkoa wetu wa Kagera, aliandika kazi yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaimaliza 1986, juu ya tendi za nanga za Wahaya. Alikuwa akimjibu Ruth Finnegan, ambaye katika kitabu chake cha 1970 alitia shaka kama Afrika ina tendi. Mulokozi aliwaendea wapiga nanga wenyewe, akaandika wasemayo na namna watungavyo. Ni walimu wangapi wa Kagera wamepata kuvishika vitabu hivyo viwili mkononi?

Kedmon Mapana, Mgogo wa Dodoma, alichunguza jinsi watoto wa Wagogo wanavyojifunza muziki nyumbani na jinsi shule inavyolikata jambo hilo. Nyumbani mtoto hujifunza kwa kuwamo: yumo kati ya waimbaji tangu anapobebwa mgongoni, huiga, hukosea, wala hakuna amfukuzaye. Shuleni huketishwa, akaandikiwa ubaoni habari za muziki. Nalisoma hayo nikaona haya, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja.

Huko Uganda James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alifanya zaidi ya kuandika. Bigwala, yaani mabaragumu ya vibuyu ya Wasoga, yalikuwa karibu kupotea. Yalipoingizwa 2012 katika orodha ya UNESCO ya mila zinazohitaji kuokolewa upesi, walibaki mafundi wazee wanne tu. Isabirye alisaidia kuwakutanisha wazee hao na vijana. Vijana walijifunza bila ubao wala nota, mwenye kujua kidogo akimfundisha asiyejua kitu. Vivyo hivyo alijishughulisha na entenga, ngoma za ikulu ya Kabaka zinazopigwa na watu sita, ambazo zilinyamaza ikulu ya Mengo iliposhambuliwa 1966.

Watafiti hawa wana mikutano yao. Kiko chama cha dunia cha mafundisho ya muziki, ISME, kilichoanzishwa Brussels 1953. Kilikutana Pretoria 1998, na Emily Achieng' Akuno wa Kenya alikuwa rais wake toka 2022 hata 2024. Waafrika nao wana chama chao, PASMAE, kilichokutana Kisumu 2003. Ni vema sana wasomi wakisomeana kazi zao. Ila aliyetoa wimbo hayumo katika mkutano, wala mwalimu atakayeufundisha.

Nalionja uchungu wa jambo hili. Kama miaka kumi na mitano iliyopita kijana mmoja wa chuo fulani alikuja kwetu na chombo cha kunasia sauti. Nilimpeleka mwenyewe kwa mzee jirani yangu, mpiga nanga. Mzee alipiga usiku mara mbili, akasimulia alivyofundishwa na mjomba wake. Kijana alishukuru, akaahidi kuturudishia nakala. Mzee alikufa baada ya miaka mitatu. Mjukuu wake akaja kwangu akasema, “Mwalimu, nataka sauti ya babu.” Niliandika barua chuoni. Nilijibiwa kwamba kitabu kipo, husomwa humo humo ndani ya maktaba, na habari za sauti hazijulikani. Sikuwa na la kumwambia yule kijana, na mpaka leo nikikutana naye njiani naanza mimi kutazama chini.

Kwa hiyo alipokuja mwanafunzi mwingine, binti wa parokia yetu anayesoma shahada ya pili, nilimpa sharti: kabla hujapeleka sura yako kwa mwalimu wako, tusomee sisi, kwa Kinyambo. Alikubali. Walikuja akina mama kama ishirini katika ukumbi. Aliposoma kwamba wimbo fulani ni wa michezo ya watoto, walicheka. Bibi mmoja akasema, “Mwanangu, huo ni wa kumwaga bibi arusi. Watoto waliuokota tu wakauchezea.” Walimsahihisha mahali patatu, naye akaandika palepale. Nadhani hakuna msahihishaji wa chuo ambaye angeyaona makosa hayo.

Naye hakutuacha mikono mitupu. Alituonyesha zoezi ambalo nimelitumia tangu siku hiyo na kila mwalimu aweza kulitumia kwa chaki tu. Watoto huusoma ubeti wa wimbo wa kanisani kwa lugha yao polepole, bila kuimba. Mwalimu huchora ubaoni mstari unaopanda na kushuka pamoja na sauti zao. Chini yake huchora mstari wa pili, ule wa wimbo wenyewe. Mistari ikienda pamoja, wimbo umevishwa vema. Ikipingana, mwanakwaya ajua sababu ya ulimi wake kukataa. Katika nyimbo kumi tulizozijaribu, minne ilipingana vibaya. Mmoja tumekwisha kuutungia sauti mpya, na aliyeitunga ni msichana niliyepata kumtoa katika kwaya kwa ajili ya ti yake.

Nakala ya kitabu cha yule binti, pamoja na sauti alizozinasa, imo katika kabati la ofisi ya parokia. Ufunguo anao katekista. Mtu apendaye kusoma au kusikiliza na aje Jumamosi baada ya saa nane.