Santuri ya Tabora Jazz ikikoroma, anza na sindano

Santuri ya zamani ikiwekwa kwenye mashine ya DJ na spika zikaanza kukoroma, hukumu hutoka papo hapo: santuri imekufa. Inarudishwa kwenye jalada lake, DJ anahamia kwenye kompyuta, sherehe inaendelea. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya kuionea. Santuri ni nzima. Kibovu ni sindano, uzito wa mkono, swichi iliyosahauliwa au waya uliolegea. Tabora, kosa hilo linaweza kugharimu kitu kisichopatikana tena.

Mji huu ulikuwa njia panda kabla garimoshi halijafika. Misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine ya Karagwe na Buganda. Reli ya Kati ilifuata sehemu kubwa ya njia hiyo, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kwa reli hiyo walipita wanamuziki na magitaa yao, na mji ukazaa bendi zake: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz, maarufu kama Wana Segere Matata, aliyoiimbia Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma.

Santuri za bendi za Tanzania zilifyatuliwa zaidi Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa hadi 1983, kuzifyatulia huko kukawa kugumu. Kaseti nazo zikashika soko. Kwa hiyo santuri zilizobaki kwenye makabati ya wazee wetu, kutoka Tabora hadi Ujiji, ndizo hizo hizo. Nakala za asili haziongezeki. DJ anayepiga zilipendwa anapaswa kulijua hilo kabla hajashusha sindano.

Kinachogusa santuri kwanza

Sauti ya santuri imechongwa kwenye kuta za mfereji mwembamba. Vijipindo vikubwa ni besi. Vile vidogo kabisa ni solo, matoazi na herufi kali za mwimbaji. Sindano iliyochakaa hukwangua vidogo kwanza. Ndiyo maana santuri iliyopigwa vibaya hubaki na besi huku gitaa la solo likisikika kama limefunikwa blanketi. Waya mbovu utaubadilisha kesho na sauti itarudi. Mfereji uliokwanguliwa haurudi. Kwa sababu hiyo, sauti ikipasuka, nyanyua mkono hapo hapo. Usiiache iishe ili usikilize vizuri tatizo liko wapi.

Tazama ncha ya sindano kwa kioo cha kukuzia. Kiangazi cha Tabora kina vumbi jingi, na mara nyingi utakuta kifurushi cha kijivu kimeng'ang'ania nchani, mchanganyiko wa vumbi na nyuzi za nguo. Kisafishe kwa brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kutoka pembeni. Kisha isafishe santuri yenyewe kwa brashi yake kabla ya kila upande. Ikiwa ncha imekuwa bapa au imemeguka, badilisha sindano, hata kama bado inatoa sauti.

Baada ya hapo pima uzito ambao mkono unaikandamizia sindano. Katriji, yaani kijumba kinachobeba sindano, hutofautiana: nyingi za nyumbani hutaka gramu 1.5 hadi 2, na za kazi ya DJ huzunguka gramu 3, wakati mwingine zaidi. Fuata kiwango cha mtengenezaji. Mizani ndogo ya dijitali, kama anayotumia sonara, inatosha kabisa. Wengi hudhani mkono mwepesi ndio unaoilinda santuri, kumbe sindano isiyokandamizwa vya kutosha hurukaruka ndani ya mfereji, na kila ikitua inaumiza. Kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono nako si dawa, maana hujui umeongeza gramu ngapi.

Kama una zile santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, usizipige kwa sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana, na sindano nyembamba huzama hadi chini na kukusanya kelele tu. Zinahitaji sindano nene iliyotengenezwa kwa ajili yake. Usizisafishe kwa spiriti pia, kwa sababu spiriti huyeyusha kitu zilichotengenezewa.

Sauti yenyewe inakuambia

Ukishajiridhisha na sindano, sikiliza kasoro inatokea wapi. Ikiwa mwanzo wa santuri ni safi na mwisho ndio unaochanika, shuku jinsi katriji ilivyofungwa. Kwenye santuri ya mizunguko 33, mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na lebo ni kama sentimita 20 tu. Sauti ile ile imebanwa kwenye nafasi ndogo, na katriji iliyokaa upande hushindwa kuifuata.

Ikiwa inapasuka spika moja, badilishana waya za kulia na kushoto kwenye miksa. Tatizo likihamia spika ya pili, linatoka kwenye mashine: kagua pini za katriji, na kirekebisho kinachozuia mkono kuvutwa katikati. Lisipohama, kagua miksa yenyewe, amplifaya na spika. Mngurumo usiokatika hata santuri ikiwa imesimama ni ishara ya waya wa ethi uliolegea au uliosahauliwa.

Ikiwa sauti yote imevunjika tangu nota ya kwanza, nenda kwenye swichi. Katriji ya kawaida hutoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5, na besi ya santuri ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga ili mfereji usiwe mpana mno. Kwa hiyo miksa ina mlango maalumu wa santuri, unaoikuza sauti na kuirudishia besi yake kwa kipimo kilichokubaliwa tangu miaka ya 1950. Mashine nyingi za siku hizi zina kikuzaji hicho tayari ndani yake. Ukiichomeka mashine ya namna hiyo kwenye mlango wa santuri kikuzaji chake kikiwa kimewashwa, sauti inakuzwa mara mbili na lazima ikorome. Kwa swichi, chagua kikuzaji kimoja tu, kisha punguza gaini hadi taa nyekundu ya miksa isiwake.

Na ikiwa kasoro huja pale tu muziki unapopandishwa ukumbini, chunguza meza. Zima mota, laza sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti kidogo na ugonge meza kwa kidole. Ukisikia kishindo kwenye spika, basi mtikisiko wa besi unaingia kwenye sindano na kurudi tena kwenye spika. Sogeza mashine mbali na spika, iweke juu ya ubao mzito wenye sponji chini yake.

Hukumu ya mwisho

Baada ya yote hayo, piga santuri nyingine unayoijua kuwa nzima. Ikitoka safi na ile ya kwanza bado ikakoroma, hapo ndipo unaweza kusema imechakaa. Hata hivyo usiitupe. Sindano yenye umbo tofauti hukaa kwenye sehemu ya ukuta ambayo ile ya zamani haikuigusa, na wimbo uliodhaniwa umepotea unaweza kusikika tena.

Ombi langu kwa ma-DJ wa Tabora na wa njia nzima hadi Kigoma ni hili. Mkiazimwa santuri za mzee, zinakilini kwanza kwenye kompyuta kwa vifaa vilivyopimwa, katika faili lisilobanwa, mpige picha lebo zake pande zote mbili, kisha harusini mpige nakala. Mwachieni mwenyewe nakala yake pia, pamoja na santuri yake ikiwa salama. Kiko Kids na Nyanyembe Jazz hawatarekodi tena. Kilichobaki kwao kinapita kwenye ncha ya sindano yako, na kuitunza ncha hiyo ni sehemu ya kazi ya DJ kama kuchagua wimbo.