Kaktusi ao mti wa maziwa? Tujue tunachopanda mbele ya mlango

Wengi wetu tuna kipande cha udongo kando ya ukuta ambapo jua linachoma na mvua haifiki kwa sababu ya mabati. Maharagwe yanakauka hapo, maua yanakufa. Ndipo jirani anasema: panda kaktusi ndefu, zile zinazosimama kama nguzo. Shauri ni zuri, lakini kwanza tujue ni mmea gani tunaleta nyumbani.

Mwaka jana nilipewa tawi lililotoka upande wa Kasindi. Lilikuwa la kijani, lenye kona na miiba, nikaliita kaktusi. Nilipolikata, lilitoa maziwa meupe. Mtoto wangu wa miaka 6 akayagusa, kisha akajipangusa jicho. Alilia usiku kucha, jicho limevimba, na kwa siku 2 hakuona vizuri. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Tawi lile lilikuwa euforbia, mti wa Afrika wenye matawi kama kinara cha mishumaa. Unaota sana katika bonde la joto kando ya Ziwa Edward. Kaktusi, asili yake ni bara la Amerika; huku zililetwa na watu. Mimea hii si ya ukoo mmoja. Inafanana kwa sababu yote imezoea ukame: shina nene linaloweka maji, na miiba mahali pa majani.

Namna ya kuitofautisha ni hii. Miiba ya euforbia ya namna hii hutoka miwili miwili. Ya kaktusi hutoka mingi pamoja, kwenye kidoti chenye manyoya. Ukiwa bado na shaka, funika mikono kwa mfuko wa plastiki, geuza uso, uchome shina kwa msumari. Maziwa meupe yakitoka, ni euforbia. Kaktusi ya nguzo hutoa maji yasiyo meupe.

Penye watoto, chagua kaktusi, na uipande mbali na njia kwa ajili ya miiba. Euforbia ibaki kwenye uzio wa nje, pamoja na mnyaa, ambao nao ni wa ukoo wake. Msiikate watoto wakiwa karibu, wala msiifanye kuni, maana hata moshi wake unawasha macho.

Butembo si jangwa. Adui wa kaktusi hapa ni maji. Inua tuta kwa mawe hadi karibu na goti, changanya udongo na mchanga mkubwa na kokoto, nusu kwa nusu. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri unafaa sana. Kipande kilichokatwa kiache kivulini wiki 1 ao 2, kidonda kikauke, ndipo upande. Usimwagilie mpaka kishike mizizi.

Maziwa yakiingia jichoni, usingoje. Fungua kope, mwaga maji safi polepole kwa dakika 15 ao zaidi, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku ileile. Tusitie majani wala maziwa ya mama.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda sokoni, kila mama azunguke uzio wake pamoja na watoto, awaonyeshe mti wa maziwa na kuwaambia: huu hatuchezei.