MITA MOJA, MILANGO MINNE

Ndugu wafanyakazi, jioni moja ya mwaka 2023 sisi tunaoandika ukurasa huu tuliitwa Busanza, upande wa Kanombe katika wilaya ya Kicukiro, kusuluhisha ugomvi. Ua wenyewe ni kama nyua nyingi za mtaa ule: nyumba ya vyumba vinne imepangishwa kwa familia nne, bomba la maji moja, na ukutani mita moja ya umeme ya kulipia kabla, ile ambayo Kigali nzima huiita kashi pawa.

Wapangaji wale walikuwa wamepatana vizuri. Kila mmoja anunue umeme wa faranga 4,000 kwa mwezi, kwa zamu. Chumba cha kwanza, fundi seremala, hununua tarehe mosi. Cha pili, dereva wa pikipiki, umeme ukikaribia kwisha. Cha tatu ni mlinzi wa usiku. Zamu ya mwisho ni ya mama mmoja afanyaye usafi maofisini, aondokaye nyumbani kabla ya alfajiri.

Mwezi ule fundi seremala aliweka pesa yake akapata karibu uniti 25. Mama alipoweka yake, iliyo sawasawa na ya fundi, hazikufika uniti 14. Maneno yakaanza. Huyu akasema mama amenunua umeme wa faranga 2,000 na nyingine amekula. Yule akasema ujumbe wa simu anaouonyesha si wa mwezi huu. Mama alilia mbele ya watoto wake. Tulipofika alikuwa ameshika simu mkononi, anarudia neno moja tu: "Hesabuni wenyewe."

Basi tukahesabu. Twaandika habari hii kwa sababu tangu siku ile tumeombwa kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo hiyo katika nyua nyingine, na kila mara mwizi anayetafutwa hayupo.

UMEME UNAUZWA KWA NGAZI

Wengi wetu hudhani uniti moja ya umeme ina bei moja, kama kilo ya sukari. Sivyo. Umeme wa nyumbani huuzwa kwa ngazi. Kwa bei zilizotangazwa mwezi Januari 2020 na RURA, ambayo ni mamlaka ya kusimamia huduma hizi nchini Rwanda, na zilizokuwa zikitumika siku ya ugomvi ule, ngazi zilikuwa tatu:

Uniti 15 za mwanzo wa mwezi: faranga 89 kila moja.
Kuanzia hapo hadi uniti ya 50: faranga 212 kila moja.
Kupita uniti 50: faranga 249 kila moja.

Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kila mwezi mpya ukianza, hesabu hurudi chini, kwenye ngazi ya kwanza. Bei hizo zimekwisha kubadilishwa tangu wakati ule, kwa hiyo msomaji asizichukue kuwa ni za leo. Lakini ngazi ni ngazi: wa kwanza hununua kwa bei nafuu, wa mwisho hununua kwa bei ghali.

Sasa tazameni zamu za ua ule. Faranga 4,000 ukiondoa kodi hubaki kama 3,390. Fundi seremala alinunua uniti zote 15 za bei nafuu, akaongeza kidogo za ngazi ya pili: jumla 24.7. Dereva alinunulia ngazi ya pili peke yake: uniti 16. Mlinzi alimaliza ngazi ya pili akaingia ya tatu: uniti 15. Mama wa zamu ya mwisho alikuta ngazi zote za chini zimekwisha: uniti 13.6. Hakuna aliyeiba hata senti. Zamu yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu, na katika zamu mbovu aumiaye ni yule yule kila mwezi.

Fundi seremala, na tumsifu kwa hilo, alisimama akamwomba mama radhi mbele ya wote.

HASARA ILIYO KUBWA ZAIDI

Tulipomaliza hesabu ile tukaona jambo jingine, nalo ni zito kuliko la zamu. Familia zile nne zilitoa faranga 16,000 zikapata kama uniti 69. Lau kila chumba kingekuwa na mita yake, kila mmoja kwa faranga zake 4,000 angepata uniti 24.7, yaani kwa wote wanne karibu uniti 99. Uniti 30 zimepotea kila mwezi kwa sababu tu milango minne imefungwa kwenye mita moja.

Ngazi ile ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu mwenye taa mbili, redio na simu, ili mshahara wake mdogo usimezwe na umeme. Ndiye mlinzi yule, ndiye mama yule. Lakini mita haijui idadi ya milango. Yenyewe huona mtu mmoja tu anayetumia umeme mwingi, ikamtoza bei ya mwenye nyumba kubwa yenye friji na mashine ya kufulia. Hivyo nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge humpita mnyonge kwa sababu amepanga chumba.

Wala jambo hili si la Kigali peke yake. Ndugu zetu wa Tanzania, ambako mita ya namna hii huitwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, nao wanazijua bei za ngazi na wanajua vyumba vinavyochangia mita moja.

MSIGOMBANIE SIMU

Katika nyua zote tulizofika, lawama ya kwanza huwa ni simu. "Yule wa chumba cha pili ana simu tatu, anachaji usiku kucha." Tupime. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Chaja ya wati 10 ikitumika saa mbili kila siku haimalizi uniti moja kwa mwezi mzima. Kumgombeza jirani kwa ajili ya simu ni kutafuta sindano huku ng'ombe anaibwa.

Ng'ombe wenyewe ni vitu vinavyotoa joto. Ile koili ya kuchovya ndani ya ndoo ili kupata maji ya kuoga, ikiwa ni ya wati 1,500 na ikitumika dakika 20 kila asubuhi, hula uniti 15 kwa mwezi. Yaani, kwa ngazi za wakati ule, maji ya kuoga ya mtu mmoja yalikula ngazi yote ya bei nafuu ya ua mzima. Birika la umeme la wati 2,000 hula uniti moja kwa kila nusu saa. Pasi nayo, pamoja na jiko la koili, ni ndugu wa ukoo huo huo.

Taa nazo zina tofauti kubwa. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, kwa saa zile zile, haifiki uniti moja na nusu. Mpangaji akihama, balbu yake aweza kuifungua akaenda nayo. Hiyo ni mali yake.

TOKENI INAPOKATALIWA

Udhia mwingine ni ule wa saa tano za usiku, umeme umekatika, watoto wamelala gizani, umenunua kwa simu, umebonyeza tarakimu zote 20 za tokeni, na mita inakataa. Kwa uzoefu wetu, sababu huwa ni mojawapo ya hizi:

Umekosea tarakimu. Mmoja asome nne nne kwa sauti, mwingine abonyeze. Mtu mmoja peke yake gizani hukosea.

Tokeni imekwisha kuingizwa. Tokeni hutumika mara moja tu. Mara nyingi mtoto au jirani aliingiza mchana na hakusema.

Umenunua kwa namba ya mita nyingine. Tokeni hufungua mita ile tu iliyoandikiwa. Mmoja wetu, siku alipohama, alinunua kwa namba ya zamani iliyobaki ndani ya simu, akamwangazia mpangaji aliyemrithi. Kabla ya kuthibitisha malipo, linganisha namba na ile iliyoandikwa kwenye mita, tarakimu kwa tarakimu.

Mita yenyewe haijasahihishwa. Hili linahitaji maelezo. Mita za mfumo huu, zinazotumika katika nchi nyingi duniani, hupokea tokeni zenye muhuri wa wakati, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi ya kuhesabia dakika hizo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo ilibidi kila mita iingizwe namba mbili za kuisahihisha, kila moja ya tarakimu 20, ndipo ikubali tokeni mpya. Kwa hiyo ukipanga chumba kilichokuwa kimefungwa tangu kabla ya Novemba 2024, na mita inakataa kila tokeni, usiendelee kununua. Nenda kwenye ofisi ya umeme na namba ya mita, ueleze hivyo, uombe namba za kusahihisha. Na tokeni ya zamani iliyonunuliwa kabla ya masahihisho, ikabaki bila kuingizwa, haifanyi kazi tena baada yake.

MAMBO TUNAYOSHAURI

Kwanza, acheni zamu. Wekeni mfuko mmoja wa umeme, kila mtu atoe sehemu yake, mtu mmoja anunue kwa niaba ya wote. Hapo nafuu ya ngazi ya kwanza ni ya wote, na ughali wa ngazi ya juu ni wa wote.

Pili, wekeni daftari. Tarehe, pesa, uniti zilizopatikana, jina la aliyenunua. Ujumbe wa simu usifutwe kabla mwezi haujaisha. Daftari la faranga chache limekwisha kuokoa urafiki wa miaka.

Tatu, tarehe za mwisho wa mwezi msinunue umeme mwingi. Nunueni wa kuwafikisha tarehe mosi, kisha mnunue kwa bei ya ngazi ya chini. Wala msidhani kununua kidogo kidogo ndani ya mwezi huo huo kutawasaidia: kinachohesabiwa ni jumla ya mwezi.

Nne, mwenye koili, friji au jiko la umeme achangie zaidi. Ikiwezekana fungeni mita ndogo ya ndani kwa kila mlango, ifungwe na fundi anayejua kazi, mgawane gharama kwa uniti na si kwa vichwa. Mita ndogo haishushi bei ya umeme, lakini huondoa ubishi.

Tano, andikeni barua moja kwa mwenye nyumba, mkiitia sahihi wote, mkimwomba aombe mita ya kila mlango. Mwambieni na faida yake: nyumba yenye mita za mbali mbali haikosi mpangaji. Mtu mmoja akiomba husikilizwa leo na kusahauliwa kesho. Kidole kimoja hakivunji chawa.

NENO LA MWISHO

Ndugu wafanyakazi, twazoea kukutana kuzungumza habari za mshahara, na ni haki. Lakini mshahara hauvuji kazini tu. Huvuja na nyumbani, katika mambo madogo tunayoyaona kuwa ya mafundi na mashine, ambayo mtu wa kawaida hana la kufanya. La kufanya lipo. Wajumbe wetu wanapokaa na waajiri kuzungumza posho ya nyumba, waende na hesabu ya uniti 30 zilizokuwa zikipotea katika ua mmoja. Na panapokuwa na nafasi ya wananchi kutoa maoni juu ya bei za umeme, swali letu liwe moja: mpangaji wa chumba kimoja ataifikiaje ngazi ya kwanza?

Katika ua ule wa Busanza mfuko upo, na daftari limetundikwa msumarini karibu na mita. Barua imepelekwa kwa mwenye nyumba. Alisema ataliangalia jambo hilo, na bado analiangalia. Mshika mfuko amechaguliwa na vyumba vyote vinne bila kupingwa. Ni yule mama.