Sura ya Sita: Mbwa Huyu ni wa Nani?

Usiku unapoingia Makambako, malori ya Tunduma na mabasi ya Songea hupishana penye njia panda, na mama lishe huanza kukusanya masufuria. Ndipo mbwa wanapojitokeza. Mmoja anachechemea, mwingine ana kidonda shingoni, wa tatu unaweza kumhesabu mbavu. Wanagombania makoko ya ugali na mifupa, kisha gizani wanatoweka. Mgeni akiwaona husema hao ni mbwa koko, hawana mwenyewe. Akiwa na moyo wa huruma, wazo lake la kwanza ni kujenga banda, awakusanye na kuwatunza.

Huruma hiyo ni njema, na nchi yetu inaihitaji. Lakini kabla ya kununua mbao na misumari, lipo swali la kuuliza: mbwa huyu ni wa nani?

Mwenye mbwa yupo

Mbwa wengi tunaowaona wakizurura Tanzania wana wenyewe. Utafiti uliofanyika katika mji wa Iringa na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta mbwa wasio na mwenyewe kabisa ni wachache sana. Mwaka huohuo ndipo Njombe, yenye mji wa Makambako, ilipotengwa na Mkoa wa Iringa na kuwa mkoa unaojitegemea, na maisha ya pande hizo mbili bado yanafanana. Mbwa wa kijijini ni mlinzi. Usiku yuko zizini, mahindi yakikomaa yuko shambani kufukuza ngedere na nguruwe pori. Hafungwi kamba, na chakula chake ni masalio. Mwaka wa mavuno haba, masalio hayapo. Basi hujitafutia, na harufu ya bucha na jalala humfikisha mbali na kwao.

Ukimchukua mbwa huyo, umeiondolea kaya ya watu maskini mlinzi wake. Haitapita muda mrefu kabla mwenye nyumba hajaomba mtoto wa mbwa kwa jirani, na mtoto huyo atakulia njaa ileile na barabara ileile. Kumwokoa mbwa wa kijijini, kwa hiyo, kunaanzia uani kwao.

Hofu inayoua

Adui mkubwa wa mbwa vijijini ni kichaa cha mbwa, hata kwa yule asiyeugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Virusi huingia kwa mate penye jeraha, vikapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali akachanjwe. Kwa mtu wa milimani Ludewa au Makete, kuwahi huko ni safari na nauli.

Ndiyo maana taarifa ya kichaa ikienea kijijini, rungu na sumu hufuata. Mwenye ukurutu hushukiwa, mwenye njaa hushukiwa, hata anayetoka povu kwa sababu amekula sumu hushukiwa. Chanjo humkinga mbwa na ugonjwa, na pia humkinga na mawe ya majirani wenye hofu. Hakuna banda linaloweza kuokoa mbwa wengi kama chanjo.

Kwa nini saba kati ya kumi

Kanuni inayofuatwa duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Utafiti wa Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja na ushei tu. Mnyororo dhaifu kama huo hukatika kwa kinga ndogo. Mbona basi tunachanja wengi hivyo? Kwa sababu mbwa wa kijijini haishi sana. Ndani ya mwaka mmoja wengi waliochanjwa huwa wamekufa, na watoto waliozaliwa hawana kinga. Ukianza na saba kati ya kumi, hata idadi ikishuka, kampeni ya mwaka unaofuata itakuta kinga iliyobaki bado inatosha kuuzuia ugonjwa.

Kuua kunaharibu hesabu hii. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliingiliwa na kichaa mwaka 1997, mbwa kwa malaki wakauawa, na ugonjwa ukabaki. Anayeua kiholela huua na waliochanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na wageni wasio na kinga. Pemba ilishika njia ya sindano. Chanjo za halaiki zilikata maambukizi kufikia mwaka 2014. Ugonjwa uliporudi mwaka 2016, mbwa walichanjwa tena na ukaondoka tena.

Kikwazo cha vijijini kimekuwa jokofu. Hapa watafiti wametufungulia mlango: chanjo moja ya mbwa inayotumika sana ilibaki na nguvu ilipohifadhiwa miezi sita kwenye nyuzijoto 25. Mkoani Mara chanjo imehifadhiwa katika vyungu vinavyopozwa kwa maji yanayovukizwa. Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina baridi ambayo Mara haina. Kijiji cha Makete kisicho na umeme kina hewa ambayo wengine huilipia.

Sindano, taka na kizazi

Siku ya chanjo ndiyo siku ya kufanya na mengine: dawa ya minyoo, dawa ya kupe, jeraha la kamba iliyokaza shingoni. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, hivyo daktari wa mifugo akimfunga kizazi, watoto wengi hawatazaliwa ili kutupwa jalalani. Bucha na machinjio zikifunika taka zao, mbwa hana sababu ya kukaa barabarani kati ya magurudumu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, nayo inapata nguvu mwenyekiti wa kijiji anapoisoma mkutanoni. Banda libaki kwa wachache waliogongwa na wasiodaiwa na mtu.

Wanaowaleta mbwa kwenye chanjo mara nyingi ni watoto. Wanawavuta kwa kamba ya katani au kipande cha khanga, wengine wamewabeba kifuani. Mtaalamu hufungua kadi na kuuliza jina la mbwa, kisha jina la mwenye mbwa. Mtoto akishajibu na jina likaandikwa, mbwa yule ana mtu wa kuulizwa habari zake akionekana anachechemea njia panda ya Makambako.