JOTO LA NAKIVALE LAPIMWA KUTOKA ANGANI

Kiangazi kilichopita tulikwenda kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuonana na wenzetu wanaofanya vibarua katika mashamba ya migomba. Tulidhani tutaulizwa habari za mshahara. La, neno la kwanza lilikuwa jua. Mama mmoja aliyetoka Kongo alisimama akasema: "Ndugu katibu, mimi nilianguka shambani saa sita mchana. Nilipozinduka nikaambiwa kipande changu hakikwisha, na siku ile haihesabiwi."

Tulimwendea tajiri wake. Hatumtaji hapa kwa kuwa shauri bado halijaamuliwa. Alitujibu kwa upole kabisa kwamba siku ile redio ilitangaza digrii 26 kwa Mbarara, na digrii 26 si joto la kumwangusha mtu mzima. Labda mama huyo hakula asubuhi, alisema. Hatukuwa na la kumjibu. Wafanyakazi wote wanasema jua ni kali, lakini tajiri peke yake ndiye mwenye namba, na mezani namba ndiyo inayosikilizwa.

Tuliporudi Mbarara tulimsimulia kisa hiki kijana mmoja, mtoto wa mwanachama wetu, ambaye anasoma mambo ya ramani chuoni. Akatuambia, "Wazee wangu, joto la ardhi ya shamba lile linapimwa kutoka juu kila baada ya siku nane, na picha zake ni bure." Tukacheka. Yeye akafungua kompyuta yake.

Kabla ya kueleza tulichoona, tuwakumbushe walio mbali Nakivale ni mahali gani. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, na mwaka 1960 yakatangazwa rasmi na serikali. Wakimbizi wa mwanzo waliotulia hapo walitoka Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na leo ni zaidi ya watu 100,000 wanaoishi kandokando ya Ziwa Nakivale. Eneo hilo limo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, na mpaka sasa magari ya ndizi na ya vibarua yanaelekea mjini Mbarara. Watu wengi wanahitaji kuni na miti ya kujengea. Mahali palipokuwa na kichaka, sasa pana udongo mtupu na nyumba za turubai na mabati. Ndiyo maana habari ya joto la ardhi inawahusu sana watu wa huko.

Sasa, setilaiti hupimaje joto bila kugusa kitu? Chukua pasi ya makaa. Ukiweka kiganja karibu na pasi bila kuigusa, unajua kama ni ya moto. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo jicho halioni. Kitu kikizidi kupata moto, mionzi nayo huzidi. Udongo, maji, jani la mgomba, paa, hata mwili wako, vyote hutoa mionzi hiyo. Setilaiti za Marekani zinazoitwa Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, hupita umbali wa kilomita 705 juu yetu. Landsat 8 iliyorushwa mwaka 2013 na Landsat 9 ya mwaka 2021 zina chombo maalumu kinachofanya kazi ya kiganja kile. Kila moja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16, na kwa kupokezana tunapata siku nane. Tangu mwaka 2008 mtu yeyote mwenye kompyuta huruhusiwa kuchukua picha hizo bila malipo.

Picha yenyewe si picha kama ya kamera. Ni vijimraba vingi, na kila kijimraba kina namba moja. Jicho la joto la Landsat 8 huona eneo la mita 100 kwa 100 kama kitu kimoja. Wataalamu wa Marekani huifanyia namba hiyo masahihisho mawili. Kwanza, mvuke ulio hewani hula sehemu ya mionzi kabla haijafika juu, kwa hiyo sehemu hiyo lazima irudishwe. Pili, vitu havitoi mionzi kwa kiasi kimoja hata vikiwa na joto moja. Mama wa nyumbani analijua jambo hili. Sufuria iliyosuguliwa ikang'aa na chungu cheusi, vyote vikiwa na maji yanayochemka, ukiweka kiganja ubavuni utasikia joto la chungu zaidi. Kwa hiyo lazima ijulikane kama kijimraba ni udongo, majani au maji, na hili hujulikana kwa rangi, maana jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine usioonekana.

Masahihisho yakiisha, hesabu inayobaki ni ya darasa la saba. Sisi wenyewe tuliifanya kwa kalkuleta ya dukani. Chukua namba ya kijimraba, zidisha kwa 0.00341802, jumlisha 149, kisha toa 273.15. Jawabu ni digrii za sentigredi. Tuseme kijimraba kimoja kina namba 45,000. Utapata digrii 29 na nusu na kidogo. Kingine kikiwa na 48,000, utapata karibu digrii 40. Yaani namba zikipanda 3,000, ardhi imepanda digrii kumi na robo. Katibu wa tawi letu, ambaye hesabu hakuzipenda tangu shuleni, alirudia mara tatu asiamini.

Tukatazama picha ya kiangazi. Ziwa lilikuwa limepakwa rangi ya baridi, na vinamasi vya mafunjo vile vile. Migomba iliyosongamana ilikuwa ya kati, maana mmea hunywa maji ardhini na kuyatoa kwa majani kama jasho, na jasho hupoza. Vilima vilivyo wazi, mashamba yaliyolimwa bila kupandwa na viunga vya mji wa Mbarara vilikuwa vyekundu. Mjini, mstari mwembamba wa ubaridi uliufuata Mto Rwizi. Ilikuwa kama tunaona kwa macho yale ambayo miguu ya watu wetu inajua siku zote.

Tulifurahi mno, na siku ya pili tukataka kurudi kwa tajiri mbio. Kijana akatuzuia. Alisema picha hii ina udhaifu wake, na tajiri mjanja atauona.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba setilaiti hupima ngozi ya ardhi, haipimi hewa. Udongo mtupu unaweza kupita digrii 40 wakati hewa iliyo kivulini ni 26. Redio haikusema uongo. Ilitangaza joto la hewa lililopimwa kivulini. Lakini mfanyakazi hafanyi kazi kivulini. Anapigwa na jua juu, na udongo unamrudishia joto kutoka chini. Kwa kazi kuna kipimo kingine kinachochanganya joto la hewa, unyevu, upepo na ukali wa jua, na hicho hupatikana pale pale mtu aliposimama. Setilaiti haikitoi.

Pili, wingu likipita chini yake, setilaiti hupima wingu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, picha nyingi hazifai. Tatu, hupita kwetu karibu saa tano asubuhi. Ardhi huendelea kupata moto hata baada ya saa sita, kwa hiyo namba ile si ya kilele cha joto.

La nne lilitushangaza kuliko yote. Mabati mapya huidanganya setilaiti. Yanang'aa kama ile sufuria, hutoa mionzi kidogo, na huonekana ya baridi kuliko yalivyo. Wenzetu wa viwandani wanaofanya kazi chini ya paa la mabati, msikubali kamwe mtu awaonyeshe picha ya angani kwamba paa lenu ni la baridi. Ndani ya jengo setilaiti haioni kitu.

Hata hivyo tulirudi kwa tajiri na picha yetu. Alisema, "Ardhi si hewa." Tukakubali, maana ni kweli. Tukamwambia, basi tupime hewa shambani, siyo uwanja wa redio. Tukamkumbusha kwamba Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa hewa ikifika digrii 33 au 34, mtu anayefanya kazi ya wastani hupoteza nusu ya nguvu zake, na mwaka 2024 likakadiria kwamba wafanyakazi 18,970 hufa kila mwaka kwa sababu ya joto kali kazini. Tukamwambia pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamhusu mwenye shamba kama inavyomhusu mwenye kiwanda. Alipotaka kusema kwamba hao ni wakimbizi, tulimjibu kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo huo inawapa haki ya kufanya kazi na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hapo alinyamaza, akaagiza chai.

Tulichopata siyo kikubwa. Kazi sasa inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kusimama saa tano na nusu. Pipa la maji linakaa kwenye mgomba wa mwisho, siyo ofisini. Malipo ya siku moja ya mama yule bado tunayadai.

Mama mwenyewe alituuliza kama setilaiti ilimwona alipoanguka. Tulitafuta tarehe ile. Hakuna iliyopita siku hiyo. Kwa hiyo tawi limenunua kipimajoto, kimefungwa kivulini katikati ya shamba, na wajumbe wawili wanaandika namba katika daftari saa nne, saa sita na saa nane, pamoja na jina la kila aliyesikia kizunguzungu. Matawi mengine yanayotaka kufanya hivyo yaandike barua kwa ofisi yetu, tutawatumia mfano wa ukurasa wa daftari.